Shavu Jeupe Ukutani

Mimi hupima jicho langu kwa ndege. Kila mwaka, baridi ya Doha inapoanza kulegea na nguo kwenye kamba zikaanza kukauka kabla ya adhuhuri, nasimama kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, nyuma ya nyumba, nikaangalia ukuta wa mwisho wa uwanja, pale unapoegemea mkunazi. Hapo huja ndege mmoja wa kichwa cheusi na shavu jeupe, jeupe kama pamba iliyobandikwa. Nikiliona lile shavu nikiwa pale kizingitini, bila kukunja uso, najua nimepewa mwaka mwingine. Naingia ndani nateleka chai. Hakuna aliyewahi kujua ninachofanya pale. Wanafikiri napenda ndege.

Nasema jicho kwa sababu ninalo moja. La kushoto lilibaki Abu Hamour, mtaa wa hapahapa Doha, katika nyumba niliyofanya kazi kabla ya hii. Waliohusika majina yao ninayo kichwani, siyaandiki, lakini wakisoma haya watajijua. Wa kwanza ni madam wa nyumba ile, aliyenirushia bakuli la dawa ya kuzibua mabomba kwa sababu sinki lilikuwa bado limeziba. Wa pili ni dada yake, mwalimu wa shule, mwanamke wa kusoma, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Mimi nalia nimeshika uso, yeye ananiambia nipanguse sakafu kwanza, dawa isije ikachubua marumaru. Huyo wa pili ndiye ninayemchukia zaidi. Mwenzake alikuwa na hasira. Yeye hata hasira hakuwa nayo. Wa tatu ni ajenti wa Nairobi aliyenitafutia kazi ile. Nilimpigia simu nikiwa kitandani hospitalini, akaniambia nivumilie, mkataba haujaisha.

Mtu mmoja tu alinisaidia, muuguzi wa kwetu Kenya aliyekuwa akinibadilishia bandeji. Aliniambia polepole, kama anayeongea na mgonjwa wa homa kali, "Mama, hili lililobaki lichunge. Siku ukiona ukungu, ama vitu vimebadilika rangi, usingoje kesho." Alikuwa na nia njema. Lakini tangu siku hiyo naishi na jicho langu kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe na mama mtu hajulikani atarudi lini. Kila saa naangalia kama linapumua.

Nyumba ninayofanya kazi sasa iko Al Wukair, huko zinakojengwa nyumba kila siku na vumbi halitulii. Nilijiapiza nisimsifu mwenye nyumba yeyote tena, kwa hiyo nitasema tu kwamba hawa hawajanipiga. Ni mama mzee na binti yake. Mzee tunamwita Mama Kabira. Miguu yake haina nguvu, ana sukari ya miaka mingi, lakini akili iko sawa na macho yake ya mbali ni ya mwewe. Binti yake anafanya kazi ofisini, anaondoka jua halijapanda. Basi ni mimi ninayemchoma mzee sindano ya sukari asubuhi. Muuguzi wa mzee alikuja akanifundisha kuvuta dawa mpaka kwenye mstari wake, nisipitishe, nisipunguze. Ile mistari ni midogo kama nywele. Mtu asiyeona vizuri hawezi kupewa kazi hiyo, na mtu asiyeweza kazi hiyo wana haja gani naye? Hilo halikuhitaji kuelezwa na mtu. Nililijua.

Nikishamchoma na kumlisha, namsukuma na kiti chake mpaka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha mkunazi. Wali uliobaki jana hautupwi katika nyumba ile, Mama Kabira hataki. Unatandazwa kwenye sinia juu ya ukuta, na bakuli la maji pembeni. Wanakuja shomoro, wanakuja tetere, wanakuja wale ndege wa Kihindi wa miguu ya manjano wanaogombana kama wapangaji. Hudihudi anatembea kwenye majani akidonoa chini, hapandi sinia na wenzake. Na mwisho wa baridi kunazi zikiiva zikaanza kuanguka, anakuja wa shavu jeupe na mwenzake, wanaimba na kula hadi Mama Kabira anacheka peke yake.

Mwaka huu nilitoka kizingitini kama kawaida. Ndege alikuwa ukutani. Kichwa cheusi, kishungi kimesimama. Nikatafuta shavu.

Hapakuwa na shavu.

Nilifumba jicho nikalifumbua. Nikalipangusa na ncha ya mtandio. Ndege yuko palepale, kichwa cheusi tititi, hakuna cheupe hata cha kukosea. Akageuka akanipa mgongo, na chini ya mkia nikaona wekundu. Wekundu wa damu. Nikashika fremu ya mlango. Niliwaza: hiyo damu si ya ndege, ni jicho lenyewe linavuja kwa ndani.

Lililonitisha zaidi ni kwamba ndege yule nilimjua. Kichwa cheusi chote na kishungi, huyo ni wa kwetu. Kiswahili chake nilikuja kukisikia ukubwani, shorewanda. Sisi utotoni tulimjua kwa kutumalizia mapera mtini kabla hatujayafikia. Tofauti ni kwamba wa kwetu chini ya mkia ni manjano. Sasa wa kwetu anatafuta nini Al Wukair? Nikamkumbuka bibi yangu. Alipokuwa anapofuka, kabla giza halijafunga kabisa, alianza kuona ng'ombe wake waliokufa zamani wamesimama langoni. Alikuwa akitutuma tuwafungulie. Tulikuwa watoto, tulicheka. Siku ile pale mlangoni sikucheka. Nilijiambia jicho limechoka kuona vya huku, limeanza kuniletea vya nyumbani, na hata hivyo linakosea rangi.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa kujipima kutwa nzima. Nilisoma maandishi ya gunia la mchele. Nilitunga uzi kwenye sindano. Nilisoma namba za kufuli la geti nikiwa kwenye dirisha la chumba cha kufulia. Vya karibu naviona, vya mbali naviona, kisha natoka nje namkuta ndege wangu hana shavu. Nikivuta dawa ya sukari naangalia mstari, naweka sindano chini, naichukua tena, naangalia upya. Mama Kabira akaniuliza kama sindano siku hizi imekuwa na mdudu. Nilimwambia hapana, Mama, ni mwanga tu.

Kwa nini sikwenda kwa daktari? Swali zuri kwa mtu asiyejua maisha yetu. Nilijua nikienda tu jina langu litaandikwa, na likiandikwa litamfikia mwenye nyumba. Na nyumbani narudi kufanya nini, mwanamke wa makamo, darasa la sita, jicho moja bovu na jingine linavuja?

Ijumaa nilipata ruhusa yangu nikaenda ufukweni na rafiki yangu. Yeye ni bawabu katika duka kubwa, analala Al Mansoura katika chumba cha kubanana, mtoto wa Nairobi, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Tulipanda basi mpaka Al Wakrah kisha tukatembea, tukapita watu wanaokaanga samaki, mpaka kule maji yanakokuwa mafupi na wanakosimama heroe, wale ndege wekundu wa miguu mirefu. Sikumwambia kwamba nimemleta kwa mtihani. Nilitaka kuona kama nitaiona miguu yao.

"Mathe, cheki!" akasema. "Wamejipanga kama wako gwaride. Hapa kungekuwa na supervisor angewapenda."

Mimi niliona mstari wa waridi juu ya maji ya kijivu. Basi.

"Miguu unaiona?"

"Miguu ya nani?"

"Ya hao ndege."

"Wee! Umenitoa kitandani siku yangu ya off nikuje kukagua miguu ya flamingo? Si ungesema nibebe rula."

"Jibu tu, msichana. Unaiona?"

Aliweka kiganja juu ya macho, akakaza. "Naona kitu pink. Kuna vumbi leo. Lakini miguu lazima iko, mathe, ama wamekalia viti?"

Alipocheka mimi sikucheka, ndipo akaniangalia vizuri. Nikamweleza yote, shavu, wekundu, bibi yangu na ng'ombe wake. Akashika mkono wangu.

"Sikiza. Hii maneno umeambia nani?"

"Wewe."

"Iishie hapo. Hapa mtu akisema haoni, kesho ako airport na kibegi. Wakikuuliza kama unaona, sema unaona. Hata wakikuonyesha ukuta waseme ni bahari, sema bahari. Mimi kazini nikiulizwa kama nimechoka, nasema hiyo kitu kwetu haiko."

Nilimshukuru. Leo namweka kwenye orodha yangu, ingawa chini kabisa, chini ya ajenti. Hakunitakia mabaya. Alinipa alichonacho, na sote huku tunacho hichohicho.

Jumapili asubuhi Mama Kabira alikuwa kwenye kivuli chake, kunazi mapajani, tasbihi mkononi. Ndege akaja ukutani. Mimi nilikuwa nimeinama nafagia majani yaliyoanguka.

"Yule pale," akasema. Tunazungumza Kiarabu chetu cha jikoni, yeye ananipunguzia maneno na mimi nayaokota. "Ni yule wetu wa shavu jeupe?"

Niliinua uso. Kichwa cheusi tititi. Nikajua amenishuku. Zile sindano ninazoziweka chini na kuziinua, amezihesabu zote, sasa ananipima.

"Ni yeye, Mama."

"Shavu lake unaliona?"

"Naliona, Mama. Jeupe kabisa." Na kwa kuwa woga una mdomo mrefu, nikaongeza, "Mwaka huu limekuwa kubwa zaidi."

Aliniangalia muda ambao tasbihi haikusogea hata punje moja. Kisha akatoa simu kwenye gauni lake, akampigia binti yake, akaongea kwa haraka, si kile Kiarabu chetu. Nilikamata neno moja tu. Haoni.

Binti alirudi kutoka ofisini kabla ya adhuhuri, jambo ambalo halijapata kutokea. Hakunigombeza. Alifungua friji, akatoa kisanduku cha dawa na sindano, akakipeleka chumbani kwake. "Kesho tunakwenda kwa daktari wa macho," akasema. Nilikwenda chumbani kwangu nikaanza kukunja nguo. Nilikunja hata zile mbichi. Nilikuwa na hasira na rafiki yangu, na ubawabu wake, na bahari yake. Nilikuwa na hasira na ndege. Lakini hasira yangu haijui kukaa mahali pengine, mwisho ilirudi Abu Hamour, kama kawaida.

Kwa daktari waliniwekea kidevu kwenye chuma, wakanimulika, wakanitia matone yaliyonichoma nikaruka kama nimeguswa na dawa ile ile, mpaka msaidizi akanishika bega. Nilisoma alama ukutani kuanzia kubwa. Nilifika chini kabisa. Daktari akaniambia nirudie. Nikarudia. Niliona binti ananitazama kutoka kwenye kiti chake, uso umekunjana kama wa mtu aliyepewa chenji asiyoielewa.

"Hili jicho ni zima," daktari akasema. "Utahitaji miwani ya kusomea, ni umri tu. Lakini kwa vile ni moja, uje kila mwaka."

Nilipaswa kufurahi. Nilijua tu kwamba kama jicho ni zima, basi sielewi lolote.

Tulikaa garini, binti hakuwasha. "Daktari anasema unaona," akasema. "Mama anasema ulimwambia ndege ana shavu jeupe. Mimi nimemwona yule ndege. Hana. Ni mwingine, wa India. Watu huwanunua sokoni kwenye vizimba, wanawatoroka, sasa wamejaa kila mahali. Chini ya mkia ni mwekundu."

Mwekundu. Kumbe nilikuwa naona. Siku zote zile, kila asubuhi, jicho langu lilikuwa linaniambia kweli tupu na mimi nalilaani.

"Wewe uliona nini?" akauliza.

"Cheusi, madam. Kichwa chote cheusi."

"Sasa mbona ukasema cheupe?"

Nilitaka kumjibu. Kiarabu cha jikoni hakina maneno hayo, na sina hakika Kiswahili kinayo. Ningemwambiaje? Kule Abu Hamour madam alikuwa akiuliza kama sakafu ni safi kabla hajaiangalia, na jibu lilikuwa moja. Akiuliza kama nimeshiba, jibu moja. Na siku ile hospitalini alipokuja mtu kuuliza nimeumiaje, yule mwalimu alikuwa ameketi kando ya kitanda amenishika mkono, anaupapasa kidole kwa kidole, akanitafsiria swali mwenyewe. Nikajibu kwamba nilijimwagia. Ndivyo ilivyoandikwa mpaka leo. Jicho walinipofusha moja, lakini mdomo walininyang'anya wote. Haya nayaandika sasa. Siku ile garini nilisema tu, "Niliogopa."

Alitikisa kichwa. Sijui kama alinielewa, alikuwa anaangalia usukani. "Sindano nitamchoma mwenyewe kabla sijaenda kazini," akasema. "Si kwa sababu ya jicho lako. Nikikuuliza umempa kiasi gani, nitajuaje?"

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Basi nilibaki, lakini kubaki kule hakukuwa na mizizi. Mkataba wangu ulikuwa karibu kufika mwisho na hakuna aliyeutaja. Kila alfajiri nasikia binti anafungua kisanduku chumbani kwa mama yake, na mimi niko jikoni nachemsha maziwa, mikono haina kazi. Bado nilikuwa nikisimama kizingitini, mazoea hayafi, lakini sasa sikujua napima nini.

Mama Kabira naye akaanza jambo lake. Kila asubuhi anaelekeza fimbo. "Yule nani? Sema." Nasema shomoro, Mama. "Yule?" Tetere. "Ana nini mguuni?" Siku ya kwanza nilianza kumwangalia yeye usoni kutafuta jibu analolitaka, akanigonga kidogo na fimbo begani, akaelekeza ukutani. "Mimi sina mbawa," akasema. "Mwangalie yeye." Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu baridi iishe. Yeye hakucheka. Alingoja jibu. Mguuni palikuwa na uzi mwekundu umejifunga, nikamwambia.

Kisha wa shavu jeupe akarudi. Mmoja tu, bila mwenzake. Akawa anakula kunazi na yule wa mkia mwekundu, tawi moja, na baada ya siku chache nikawaona wanabeba nyuzi na vijiti pamoja kuingia ndani ya mkunazi kule penye miiba mingi. Mama Kabira alikereka. "Hana haya," alisema, sikujua anamsema yupi. Lakini akakataza mtu kukata matawi upande ule.

Joto lilikuwa limeanza kuuma, asubuhi ya Jumamosi, binti hayuko kazini, kinda lilipotoka kiotani. Lilikaa kwenye tawi la chini, manyoya yamesimama ovyo, linapiga kelele ya njaa. Mama Kabira akainua fimbo.

"Shavu lake rangi gani? Sema."

Niliangalia. Nilisogea hatua moja, nikaangalia tena. Si jeupe. Nikasema moyoni basi jeusi, lakini si jeusi pia. Woga ule wa zamani ukarudi, mambo mawili tu kichwani, jeupe au jeusi, chagua haraka kabla hajakasirika. Nyuma yangu mlango ulifunguka, binti akatoka na kisanduku cha dawa, siku ya mapumziko mzee anachelewa kula na kuchelewa kuchomwa. Akasimama kusikiliza.

"Sijui, Mama," nikasema. "Si jeupe, si jeusi. Ni kama majivu."

Mzee aliinama mbele kwenye kiti chake akakaza macho muda mrefu.

"Hata mimi naona majivu," akasema.

Binti alisogea akaangalia kinda, kisha akaniangalia mimi. Alifungua kisanduku, akavuta dawa, akanyoosha sindano mbele ya uso wangu kwenye jua.

"Imefika wapi?"

Mistari ilikuwa pale, midogo kama nywele. "Imepita kidogo, madam. Mstari mmoja."

Aliirudisha karibu na macho yake akaikagua. Akasukuma kidogo, tone likatoka, akakagua tena. Kisha akamchoma mama yake, yeye mwenyewe, na mimi akanipa pamba nishikilie.